JSON, Kotlin na pesa za watu: yaliyotukuta kwenye mfumo wa SACCOS

Naandika hii kwa ajili ya developa aliyepewa kazi ya kuunganisha mfumo na malipo ya simu, alafu akaambiwa (au akajiambia mwenyewe) kwamba kugeuza JSON (maandishi ambayo mifumo inatumiana data) kuwa objekti (data ikiwa ndani ya programu) ni mstari mmoja tu, unaita laibrari, inakurudishia objekti, unaendelea na mambo ya maana. Ni mstari mmoja kweli. Kwetu sisi huo mstari mmoja uliharibu namba za simu, ukahamisha malipo ya watu kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine, ukatuma meseji za aibu kwa watu wazima, na karibu muda wote huo kwenye logi hakuna era. Hilo la kutokuwa na era ndo lililonitesa kuliko yote. Mfumo ukianguka unajua pa kuanzia, huu wetu ulikuwa mzima wa afya huku unadanganya.

Kazi yenyewe ni SACCOS ya watumishi, wengi walimu na manesi, wapo Morogoro mjini na wengine wilayani. Wanachanga kila mwezi kwa simu, wanakopa, wanarejesha, ukichelewesha mchango kuna faini. Kuna apu ya Android iliyoandikwa Kotlin, inasoma JSON kwa laibrari ya Gson. Kuna seva ya Spring Boot inayosoma JSON kwa laibrari nyingine, Jackson. Kuna ukurasa wa mhazini kwenye brauza, huo ni JavaScript. Kuna kampuni moja ya malipo ambayo mwanachama akilipa inatupia JSON kwenye seva yetu. Na juu ya hayo yote kuna faili la Excel la mhazini, nitalifikia. Yaani mchango mmoja wa elfu ishirini unatoka kwenye maandishi unakuwa objekti, unarudi maandishi, unakuwa objekti tena, mpaka mwenye nao aje auone kwenye simu yake umeshageuzwa mara kadhaa na laibrari tofauti ambazo hazina makubaliano yoyote kati yao. Mfumo niliupokea njiani, jamaa aliyeuanza alipata ajira, na mimi malipo yangu yalikuwa kwa awamu, awamu ya mwisho nalipwa mfumo ukishatulia. Haukutulia mapema.

La kwanza lilichekesha watu wote isipokuwa mimi. Wanachama walianza kupata meseji: "Mchango wako wa Sh 0 umepokelewa. Asante." Kwenye grupu lao la WhatsApp ikawa ndo salamu, mtu anaamka asubuhi anaandika jamani na mimi nimeshachanga sifuri yangu. Nilivyofuatilia nikakuta kwamba mwanachama akianza kulipa alafu akaghairi, au salio likawa halitoshi, kampuni ya malipo inatuma JSON ileile ila ile sehemu yenye kiasi, risiti na muda haimo. Sio kwamba imo na ina null (yaani tupu), haimo kabisa. Na klasi yetu ina `int amount`, yaani kiasi ni namba kamili. Jackson toleo la 2, ambalo wengi ndo tunalo, ikikosa fildi ya `int` haigombi, inakuachia sifuri, maana `int` ya Java haiwezi kuwa tupu, lazima iwe na namba fulani. Hata ukiletewa null yenyewe, kwa mipangilio ya kawaida unapata sifuri vilevile. Basi "hajalipa" na "amelipa sifuri" vikawa kitu kimoja, na programu ya kutuma meseji ikafanya kazi yake kwa uaminifu.

Na usidhani Kotlin inakuokoa hapo. Ukiandika `val amount: Int` kwenye data klasi, ukaisoma kwa Jackson na moduli yake ya Kotlin, fildi isipokuwepo nayo inaingia sifuri mpaka uwashe swichi inayoitwa FAIL_ON_NULL_FOR_PRIMITIVES. Iwashe leo. Alafu kwenye mambo ya pesa usiweke kabisa taipu ambayo haiwezi kuwa tupu kwenye hatua ya kusoma, weka `BigDecimal?` (namba inayotunza desimali zake bila kukosea, na alama ya kuuliza inairuhusu iwe tupu), ikiwa tupu ujue ni tupu na uamue wewe. Kuna kingine cha hapohapo: ukimpa Jackson 1233.75 na fildi ni `int`, inakata sehemu ya desimali kimyakimya unabaki na 1233. Mtu anaweza kusema senti nani anazitumia Tanzania siku hizi, sawa, ila gawio na riba vinapigwa kwa asilimia na hesabu za mwisho wa mwaka zinagoma kulingana kwa shilingi chache, na mkaguzi hataki kusikia habari ya shilingi chache.

Likaja la namba za simu. Kampuni ya malipo inatuma namba ya simu ikiwa namba, haina alama za nukuu, yaani `"phone": 255700000000`. `int` mwisho wake ni 2,147,483,647, namba zetu zikiwa na 255 mbele ni tarakimu 12, haziingii. Hapo Jackson ilifanya vizuri sana, iligoma, ikatupa era ya kueleweka. Ila ile era ilishazimwa kabla yangu kwa kubadilisha fildi kuwa `double`, taipu ya namba zenye desimali. Ikapita. Alafu ile `double` ikageuzwa kuwa stringi (maandishi) na kuingizwa kwenye databesi, na Java ukiiambia iandike `double` kubwa namna hiyo inakuandikia kwa ufupisho wa kisayansi, 2.557E11. Kwa hiyo tulikuwa na wanachama ambao namba zao za simu ni 2.55712345678E11 na ndugu zake, na mfumo unamtafuta mwanachama kwa namba ya simu haumpati, malipo yanaingia kwenye kapu la "mlipaji hajulikani", mhazini anakaa anayapanga kwa mkono kila jioni. Mama wa watu alikuwa anadhani ndo kazi inavyotakiwa kuwa. Ukisoma JSON kwa Gson ukaiweka kwenye Map isiyo na taipu unapata ugonjwa huohuo, kila namba inakuwa `double` utake usitake.

Sheria ninayofuata sasa ni kwamba kitu ambacho huwezi kukijumlisha wala kukitoa sio namba, hata kama kimeandikwa kwa tarakimu tupu. Simu, namba ya uanachama, risiti, kitambulisho, vyote ni stringi.

Risiti ndo zilinionesha kwa nini. Seva inatunza namba ya muamala kama `Long`, tarakimu nyingi, Java haina shida nayo. Inaenda kwenye ukurasa wa mhazini kama namba ya JSON, na JavaScript ikisoma inaiweka kwenye `double`, ambayo inashika namba kamili bila kukosea mpaka 9007199254740991 tu. Ukivuka hapo tarakimu za mwisho zinaanza kusogea. Jaribu mwenyewe, fungua brauza andika 9007199254740993, itakurudishia inayoishia na 2. Mhazini akibonyeza muamala wa mtu huyu anafunguliwa wa mtu aliyelipa sekunde ileile. Alinipigia akaniambia "mwanangu, huu mfumo wako unachanganya watu," na mimi nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba labda umebonyeza mstari wa chini. Hilo la kumjibu hivyo bado linanisumbua kuliko kasoro yenyewe. Twitter walikutana na jambo hilihili mwaka 2010 walipobadilisha namba za tweet zikawa ndefu, wakaongeza fildi ya `id_str` yenye namba ileile lakini kama stringi. Hata RFC 8259, ile hati ya mwaka 2017 inayoeleza JSON, inakwambia waziwazi kwamba namba kamili zinazoelewana kwenye mifumo yote ni zile zilizo ndani ya mpaka huo. JSON yenyewe haijaweka kikomo cha namba, kikomo kipo kwa anayesoma. Kwa anayeandika kila kitu kipo sawa, ndo maana kila mtu anasema kwake hakuna tatizo, na kila mtu anasema kweli.

Hapo nikawa najiona nimeshaelewa mchezo. Apu ikanirudisha chini.

Kwenye Kotlin ukiandika `val jina: String` umeahidiwa kwamba jina haliwezi kuwa null, kompaila inakulinda. Gson haijui hiyo ahadi. Gson ilitengenezwa kwa ajili ya Java, ikikosa konstrakta (sehemu ya klasi inayoanzisha objekti) isiyo na vigezo inatumia mlango wa nyuma wa Java unaoitwa Unsafe kutengeneza objekti bila kupitia konstrakta, alafu inajaza fildi moja moja. Kilichokuwepo kwenye JSON kinajazwa, ambacho hakikuwepo kinabaki null, ndani ya fildi ambayo kompaila imekuapia haiwezi kuwa null. Era haitokei pale unaposoma. Inatokea skrini tatu mbele, kwenye mstari usiohusika kabisa, pale unapoita `jina.uppercase()`. Na zile thamani za kuanzia unazoandika kwa raha zako, `val hali: String = "HAI"`, nazo haziguswi, maana zipo kwenye konstrakta ambayo haikupitiwa. Kinachochanganya zaidi ni kwamba ukizipa fildi ZOTE thamani ya kuanzia, Kotlin inakutengenezea konstrakta isiyo na vigezo, Gson inaiona, inaitumia, mambo yanakwenda. Ongeza fildi moja isiyo na thamani ya kuanzia, klasi nzima inarudi kwenye Unsafe. Kwa hiyo unaweza kuongeza fildi ya anwani ukaharibu fildi ya hali ya uanachama ambayo hujaigusa. Aisee hili nililitafuta usiku na bando langu mwenyewe mpaka nikaanza kushuku simu.

Alafu kuna R8. Toleo la majaribio kwenye simu yangu linafanya kazi safi, toleo la Play Store kila mtu anaona salio tupu. R8 kazi yake ni kupunguza ukubwa wa apu, na mojawapo ya njia zake ni kufupisha majina ya klasi na fildi, `salio` inakuwa `a`, `jina` inakuwa `b`. Gson inasoma kwa kulinganisha jina la fildi na jina lililo kwenye JSON, inatafuta `a` haioni, inaacha null, inaendelea na safari. Dawa ya haraka ni kuweka `@SerializedName("salio")` kwenye kila fildi na kuangalia kanuni za R8 zinazihifadhi. Dawa ya kudumu tuliyoenda nayo ni kuhamia kotlinx.serialization, ambayo programu ya kusoma na kuandika inatengenezwa wakati wa kukompaili, inazijua thamani za kuanzia, inajua kipi kinaruhusiwa kuwa null, na fildi ya lazima isipokuwepo inagoma palepale na kukutajia jina lake. Kuna laibrari nyingine inaitwa Moshi, nayo ni nzuri, sina ugomvi nayo. Hata maelezo ya Gson yenyewe yanasema wazi kwamba sasa ipo kwenye matengenezo tu na kwamba kwa Android utafute nyingine, ila nani anasoma maelezo ya laibrari ambayo ameikuta tayari ipo.

Kuhama hakukuwa bure. kotlinx.serialization kwa kawaida inakataa fildi isiyoijua, kwa hiyo siku kampuni ya malipo ilipoongeza fildi moja kwenye majibu yao apu yote ingelala kama nisingeweka `ignoreUnknownKeys = true`. Watu wanabishana sana kwenye hili, kukataa au kupuuza fildi usizozijua. Mimi nasema ukiwa unasoma data ya mtu mwingine, puuza, yeye ana haki ya kuongeza vitu vyake. Ukiwa unasoma faili la mipangilio yako mwenyewe, kataa, maana hapo fildi usiyoijua ni jina ulilokosea herufi. Jackson ikiwa peke yake inakataa (toleo la 2), ikiwa ndani ya Spring Boot imeshazimwa inapuuza, na kuna watu wanafanya kazi na Spring miaka hawajui hilo.

Sasa faini. Hapa ndo palipouma kweli.

Kampuni inatuma muda wa malipo hivi: `20240331233012`. Mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde, vimebanana, hakuna alama ya ukanda wa saa. JSON haina taipu ya tarehe, ina stringi, namba, kweli au si kweli, null, orodha na objekti basi, tarehe kila mtu anajiandikia anavyojua. Sisi tunaisoma tunapata LocalDateTime, yaani tarehe na saa isiyojua ipo nchi gani, alafu tunaigeuza kuwa muda kamili kwa kutumia ukanda wa mashine. Laptop yangu ipo saa za Dar. Seva ya kukodi ipo UTC, saa tatu nyuma yetu. Kwa hiyo seva ikiambiwa 23:30 inaelewa ni 23:30 ya UTC, na ikija kumuonesha mwanachama kwa saa za hapa inaongeza saa tatu, inakuwa 02:30 ya tarehe mosi Aprili. Amechelewa. Faini.

Na watu wa mishahara unawajua, wengi wanalipa siku ya mwisho usiku. Mzee mmoja mstaafu alinipigia moja kwa moja, namba yangu sijui aliipata wapi, akasema kwa upole tu, "kijana, mimi nimelipa tarehe thelathini na moja saa tano na nusu usiku, meseji ninayo hapa, sijawahi kupigwa faini tangu chama kianze." Sikuwa na la kumjibu. Nikaenda kujaribu kwenye laptop yangu na JSON yake ileile, ikatoka tarehe 31 safi kabisa. Naijaribu tena, safi. Nikashinda siku hiyo nzima namshuku mzee wa watu kwamba labda hakumbuki vizuri. Kwenye daftari la malalamiko la mhazini imeandikwa "saa 5.30" na mimi nikawa natafuta kwenye logi saa 05:30 asubuhi, sioni kitu, ndo nikazidi kumshuku.

Faini zilirudishwa zote, pesa ya faini ilitoka kwenye mfuko wa chama ulikoingia, ila makato ya kutumia watu kwa simu niliyalipa mimi, mwenyekiti aliona ni haki na mimi sikubisha. Mkutano wa wanachama uliofuata niliitwa kueleza. Ukitaka kujua kama umeelewa ukanda wa saa, waeleze walimu waliopigwa faini.

Cha kufanya ni kwamba tarehe ikija bila ukanda, wewe ndo unautaja, kwa jina, hapohapo inaposomwa: `atZone(ZoneId.of("Africa/Dar_es_Salaam"))`, usitegemee mashine. Ndani ya mfumo unabaki na `Instant` tu, yaani muda kamili usiotegemea ukanda. Ukiandika kwenda nje andika kwa mfumo wa ISO wenye ukanda wake, `2024-03-31T23:30:12+03:00`, hakuna wa kubahatisha. Na testi zako ziendeshe ukiwa umeiwekea Java ukanda mwingine makusudi, mimi naziendesha zikiwa UTC na tena zikiwa Tokyo, maana Tokyo ipo mbali vya kutosha ikikosewa inaonekana. Angalia pia Jackson yako inaandikaje tarehe, bila kuzima WRITE_DATES_AS_TIMESTAMPS inaweza kukutolea LocalDateTime kama orodha, `[2024,3,31,23,30,12]`, na anayesoma upande wa pili akashangaa.

Baada ya faini tuliacha kuziba tundu moja moja. Mpaka hapo tulikuwa na klasi moja tu, `Malipo`, ndo hiyohiyo inasoma JSON ya kampuni, ndo hiyohiyo inaingia kwenye databesi, ndo hiyohiyo inaandikwa kwenda kwenye apu. Ilikuwa inahudumia mabwana watatu na kila mmoja ana matakwa yake, mmoja anataka kiasi kiwe tupu, mwingine hataki. Tukaigawa:

`data class MalipoGhafi(val amount: String?, val phone: String?, val paidAt: String?, val status: String?)`

`data class Malipo(val kiasi: BigDecimal, val simu: NambaYaSimu, val muda: Instant, val hali: Hali)`

Ya kwanza inapokea chochote, kila fildi ni stringi na inaruhusiwa kuwa tupu. Hata namba ikija bila nukuu Jackson inaiweka kama stringi ilivyoandikwa, hakuna `double` inayopita katikati. Ya pili haikubali upuuzi. Katikati kuna fankisheni moja, tumeiandika wenyewe kwa mkono, inachukua ghafi na inarudisha ama `Malipo` iliyokamilika ama orodha ya sababu kwa nini imeshindikana. Simu ikija na 0 mbele, ikija na +255, ikija na nafasi katikati, inasafishwa hapo. Kiasi kisichokuwepo kinakataliwa hapo. Hali ambayo hatuijui (kampuni iliwahi kuongeza hali ya "imerudishwa" bila kutuambia, na Gson ikikutana na thamani isiyokuwemo kwenye enum, ile orodha ya hali zinazokubalika, inaweka null) inakuwa `HAIJULIKANI` na inaenda kwenye meza ya kuangaliwa na mtu. Kabla ya laibrari yoyote kugusa kitu, yale maandishi yenyewe yanahifadhiwa kwenye databesi kama yalivyokuja.

Hilo la kuhifadhi maandishi ghafi ningelifanya siku ya kwanza kabisa kama ningeanza upya. Tulivyotaka kurekebisha tarehe za zamani hatukuwa na asili, tulikuwa na objekti zilizokwisha haribika tu, ikabidi kuomba taarifa za miamala kwa kampuni na kulinganisha. Sasa hivi tukigundua kasoro kwenye kusoma tunarekebisha fankisheni na kuyasoma maandishi upya. Ila yana majina na simu za watu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo si kila mtu anayafungua na baada ya muda yanafutwa.

Maandishi ghafi yalitusaidia na kwenye sahihi. Kampuni inatuma JSON pamoja na sahihi iliyopigwa kwa siri tunayoijua sisi na wao, ili tuhakikishe ujumbe umetoka kwao. Programu iliyokuwepo ilikuwa inasoma JSON kuwa objekti, inaiandika upya kuwa JSON, alafu inapiga sahihi juu ya hiyo mpya. Inagoma mara moja moja tu, na kugoma mara moja moja ndo kubaya kuliko zote. 5000.00 ikisomwa na kuandikwa upya inaweza kutoka 5000.0, mpangilio wa fildi unabadilika, nafasi zinapotea. Kwa binadamu ni kitu kilekile, kwa sahihi ni ujumbe mwingine. Sahihi inapigwa juu ya baiti zilizofika, kabla ya kusoma chochote.

Vingine navitaja haraka. Orodha yenye muamala mmoja inaweza kuja kama objekti na sio orodha, hasa kama huko nyuma ni mfumo wa XML uliogeuzwa kuwa JSON, Jackson ina ACCEPT_SINGLE_VALUE_AS_ARRAY. `BigDecimal` ya 5000 na ya 5000.00 sio sawa ukitumia `equals`, tumia `compareTo`. Kwenye YAML ya zamani (namna nyingine ya kuandika data, hasa faili za mipangilio) neno `no` lisilo na nukuu ni si-kweli, weka nukuu. Na usiruhusu kamwe maandishi yanayotoka nje yachague yenyewe yawe klasi gani, Jackson ilipata udhaifu wa usalama uliosajiliwa kama CVE-2017-7525 kwa njia hiyo na nyingine zikafuata, mtu anakutumia JSON inayotaja klasi ya hatari na seva yako inaitengeneza kwa heshima zote.

Nilisema Excel. Orodha ya wanachama wapya mhazini analeta kwa CSV. Excel ikiona tarakimu 12 kwenye seli ya kawaida inazionesha kwa E, maana ikizidi tarakimu 11 inaona ni ndefu, na namba zetu za simu zikianza na 255 ni 12 kamili. Ukisevu CSV inasevu kinachoonekana. Faili linakuja na 2.557E+11 na safari hii tarakimu za mwisho zimekwenda, hakuna fankisheni itakayozirudisha. Namba ya uanachama 0034 inakuwa 34. Nikampigia, akaniambia "mwanangu mimi sijagusa kitu, nimefungua nikaangalia nikasevu." Na ni kweli, hakugusa. Nilimtengenezea faili tupu ambalo kolamu zote ni Text tangu mwanzo, na mfumo ukikuta E kwenye namba ya simu unakataa faili zima na kumwambia kwa Kiswahili mstari wa ngapi na kwa nini. Alilalamika wiki ya kwanza kwamba mfumo umekuwa mkali. Nikauacha hivyo hivyo.

Testi ninazozitegemea ni za aina mbili tu. Moja ni ya kwenda na kurudi: chukua objekti, iandike, isome, linganisha na ya mwanzo, hiyo imetukamatia mambo ya `BigDecimal` na tarehe kabla hayajafika kwa watu. Ila haitoshi peke yake, maana ukikosea kuandika na ukakosea kusoma kwa namna ileile testi inapita. Kwa hiyo ya pili ni folda lenye JSON halisi kutoka kwa kampuni, majina na simu zimebadilishwa, iliyofanikiwa, iliyoghairiwa, ya salio halitoshi, iliyorudishwa, ya saa tano na nusu usiku tarehe 31. Kila likitokea jipya linaongezwa humo kabla ya kurekebisha kitu. Kampuni ikitangaza mabadiliko, naomba mifano ya JSON, maelezo yao ya PDF nayasoma baadaye. Na mwezi uliopita walitangaza kwamba namba ya simu sasa itakuja ikiwa na nukuu, watu wengine kwenye grupu la madevelopa wakapandwa na presha, mimi nikaweka mfano wao mpya kwenye folda, nikaendesha testi, zikapita, nikaenda kula.